Mwalimu Asiyetuona

Wasomaji wapenzi, yapo mambo ambayo tukiyatazama kwa haraka huonekana madogo, wala hayastahili kupewa nafasi katika ukurasa huu. Lakini tukikaa nayo kitako twaona kwamba yamebeba swali kubwa. Leo twataka kusema habari za uzi na sindano. Asiligeuze gazeti baba wa nyumba akidhani kwamba maneno haya ni ya akina mama peke yao. Kabla hatujamaliza ataona kwamba naye yanamhusu.

Siku hizi, katika nyumba nyingi za nchi yetu, mijini na hata vijijini ambako intaneti imefika, jambo hili laonekana jioni baada ya vyombo kuoshwa. Binti ameketi mkekani, simu ameiegemeza kwenye kikombe, na ndani ya simu hiyo yaonekana mikono miwili ya mtu asiyemjua, labda yuko Uturuki, labda Marekani, ikifuma polepole. Binti atazama, asimamisha video, ajaribu, akosea, airudisha nyuma, atazama tena. Hakuna aliyemshika mkono. Hakulipa karo, amelipia bando tu. Baada ya majuma machache ametoa kofia ya mtoto, na watu wa nyumbani wastaajabu: "Nani amekufundisha?" Naye ajibu kwa fahari: "Nimejifundisha mwenyewe."

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, neno hilo ni kweli? Mtu aweza kujifundisha mwenyewe? Na kama si kweli, mwalimu wake ni nani, na mwanafunzi ana wajibu gani kwa mwalimu ambaye hamwoni, wala yamkini hatamwona kamwe?

Kwanza yafaa tuifahamu kazi yenyewe, maana wengi huvaa sweta maisha yao yote bila kujua imefanywaje. Kuna kufuma kwa sindano mbili, na kuna kroshia, ambayo ni kazi ya sindano moja fupi yenye ndoano nchani. Katika zote mbili mfumaji huuvuta uzi mrefu na kuufanya vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, hata uzi uwe nguo. Tofauti ni hii. Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vya safu hubaki wazi juu ya sindano vikingoja zamu yao, labda mia, labda mia mbili. Kimoja kikiponyoka bila kuonekana, huteleza safu kwa safu kwenda chini, kikiacha alama mfano wa ngazi. Katika kroshia kitanzi kilicho wazi kwa kawaida ni kimoja tu; vingine vyote vimekwisha kufungwa. Kwa hiyo aliyekosea katika kroshia huchomoa sindano, huvuta uzi, na kazi hufumuka mpaka pale penye kosa, kisha huanza tena. Ni kazi yenye huruma kwa mwanafunzi. Walakini huruma hiyo ina gharama yake, maana jasho la juma zima laweza kurudi kuwa donge la uzi kwa dakika chache. Mlikumbuke neno hili "kufumua", kwa sababu tutalirudia.

Sasa tuwasimulie habari ya jamaa moja tunaoifahamu, wakaao katika nyanda za juu za Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai haimwonei huruma mtoto wala mzee. Binti wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka 19, alimwahidi dada yake, aliyekuwa karibu kujifungua, blanketi la kroshia kwa ajili ya mtoto. Alianza na vitanzi 120. Kila jioni aliifuata ile mikono ya kwenye simu, safu baada ya safu. Alipofika safu ya 40 akalitandaza blanketi kitandani. Kumbe! Upande wa juu ulikuwa mwembamba kuliko upande wa chini. Akahesabu, akapata vitanzi 92.

Kosa lake ni kosa la wanafunzi wengi wa kroshia. Mwisho wa safu, mshono wa mwisho hujificha pembeni, na asiyeuzoea huuruka bila kujua. Leo kitanzi kimoja, kesho kimoja; hakuna kelele, hakuna uzi unaokatika, ila nguo yapungua. Naye mwalimu wa kwenye simu alikuwa akiendelea kufuma kwa uchangamfu wake wote, na mwisho wa kila somo aliwapongeza wanafunzi wake kwa kazi nzuri.

Binti akawaza moyoni: Nitalizungushia pindo pana, na upungufu utafichika. Nani atajua? Mtoto mchanga hajui pembe za blanketi. Dada atashukuru tu.

Katika nyumba ile alikuwamo bibi yake, mama mzee aliyefundishwa kroshia na masista katika shule ya misheni mwaka 1962, ambaye pindo za vitambaa vya altare ya parokia yao zimetoka katika vidole vyake. Kwa muda wote huo mjukuu hakumwuliza lolote, na mzee alikuwa amenyamaza na uchungu wake. Jioni ile akaomba alione blanketi. Hakulitazama sana, maana macho yake yamechoka. Alilikunja mara mbili, akazitafuta pembe kwa vidole. Pembe hazikukutana.

Akauliza, "Mjukuu wangu, mwalimu wako amekuambia nini juu ya pembe hizi?"

Binti akajibu, "Bibi, yeye hanioni."

"Haya," akasema mzee, akalirudisha blanketi mapajani mwa mjukuu wake, wala hakuongeza neno.

Wako wazee ambao wakisikia habari hii watasema: Mwaona? Tuliwaambia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto ameacha bibi yake mwenye ujuzi, akaenda kufundishwa na kioo. Twaheshimu uchungu wao, kwa maana si uchungu wa bure. Lakini haki yatudai tuseme pia kwamba mwalimu asiyemwona mwanafunzi wake si mgeni wa jana katika kazi hii. Alikuwapo kabla ya simu kubuniwa.

Katika miaka ya 1840 mwanamke mmoja aitwaye Eléonore Riego de la Branchardière alikuwa akichapisha huko London vitabu vidogo vya kufundisha kufuma na kroshia. Wanawake waliovisoma hawakumwona, wala yeye hakuwaona. Waliongozwa na maandishi na picha zilizochorwa. Wakati huo huo, mwaka 1845, ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, na njaa kuu iliyofuata hadi mwaka 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi ng'ambo ya bahari. Katika dhiki hiyo masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana maskini kroshia. Na katika mji wa Clones, mwaka 1847, mke wa mchungaji wa Kianglikana, Cassandra Hand, alianzisha kazi hiyo hiyo kwa ajili ya wenye njaa. Kroshia ilichaguliwa kwa sababu ilikwenda haraka kuliko kazi za kale za lesi ya sindano, na haraka ndiyo iliyotakiwa na tumbo tupu. Nyumba nyingi ziliponea uzi na ndoano. Basi tazameni: kazi ambayo masista waliwafundisha mabibi zetu, nayo pia ilikuwa imesafiri mbali, na sehemu ya safari hiyo ilipita katika karatasi zisizo na macho.

Baadaye ikaja televisheni. Katika miaka ya 1960 Elizabeth Zimmermann, Mwingereza kwa kuzaliwa aliyehamia Marekani katika jimbo la Wisconsin, aliwafundisha watu kufuma kwa njia ya televisheni, wengi wao asiowajua hata kwa jina. Naye ana jambo moja la kutufaa hapa. Alipopata njia mpya ya kufuma hakupenda kusema kwamba ameivumbua. Alijitungia neno lake mwenyewe la mzaha, lenye maana kwamba ameifumbua tu, kwa sababu aliamini kwamba katika karne zote zilizopita mtu fulani, mahali fulani, kwa sindano zake mwenyewe, lazima alikwisha kuiona kabla yake. Na tangu YouTube ilipofunguliwa mwaka 2005, mikono ya namna hiyo imeongezeka isiweze kuhesabika.

Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu binti kwa kuwa amejifunza kwa mtu wa mbali. Elimu ni elimu, ikija kwa kinywa, kwa karatasi au kwa kioo. Swali letu ni jingine: katika kujifunza kwa namna hii, ni nini kinachopungua, na nani atakijaza?

Swali la mwalimu na mwanafunzi wazee wa Kanisa walilichungua zamani. Mtakatifu Agostino, karibu mwaka 389, aliandika kitabu kizima juu ya mwalimu, kwa mfano wa mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato. Humo aonyesha kwamba maneno ya mwalimu ni alama zinazoelekeza tu. Mwanafunzi asikiapo, huyapima ndani yake kwa nuru ya kweli, na Agostino asadiki kwamba anayetufundisha humo ndani ni Kristo mwenyewe. Miaka mia nane na zaidi baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa akifundisha Paris kati ya miaka 1256 na 1259, aliuliza waziwazi kama mtu aweza kuitwa mwalimu wa nafsi yake. Jibu lake lina pande mbili. Mtu aweza kweli kupata maarifa mapya kwa nuru ya akili aliyopewa na Mungu, bila kufundishwa na mwanadamu. Lakini mwalimu, kwa maana kamili ya neno, ni yule ambaye elimu anayo tayari kabla ya kufundisha. Na hakuna awezaye kuwa na kitu na kukikosa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayejifunza hawezi kuitwa mwalimu wake mwenyewe. Tena Tomaso amfananisha mwalimu na tabibu: tabibu husaidia, ila mwili wenyewe ndio unaopona.

Tukilipima jibu la binti kwa mizani hiyo, "Nimejifundisha mwenyewe", twaona kwamba ni kweli nusu. Si kweli, kwa sababu mikono ile ya kwenye simu ilikuwa na ujuzi kabla yake, na nyuma ya mikono ile kuna mama fulani aliyeifundisha, na nyuma yake mwingine, hata tufike kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nayo ni kweli, kwa sababu kupima, kuelewa na kusahihisha ilikuwa juu yake peke yake, kuliko ilivyokuwa kwa bibi yake. Bibi alipokosea mwaka 1962, sista alisimama nyuma ya kiti chake. Binti alipokosea, hakuna aliyesimama nyuma yake.

Hicho ndicho kinachopungua, wasomaji wapenzi. Mwalimu wa mbali aweza kuonyesha yote, lakini hawezi kuona. Haoni kwamba umeushika uzi kwa nguvu mno, hata kitambaa kimekuwa kigumu kama ubao. Haoni kwamba umeruka mshono wa mwisho. Hajui hata kama mnaelewana maneno. Mfano mmoja tu: mshono wa kroshia ambao Wamarekani huuita wa mara moja, Waingereza huuita wa mara mbili, na ule ambao Wamarekani huuita wa mara mbili, Waingereza huuita wa mara tatu. Basi mwanafunzi wetu akiyachukua maelekezo ya Marekani na kuyasoma kama alivyozoezwa na kitabu cha Uingereza, kila mshono atakaoufuma utakuwa mfupi kuliko uliotakiwa, na kofia ya babu itamwenea mtoto. Mwalimu hakudanganya. Mwanafunzi hakufanya uvivu. Ila hapakuwa na mtu wa kuwatazama wote wawili.

Tena siku hizi amezuka mwalimu wa namna nyingine, ambaye licha ya kutokuona, hakuwahi kushika sindano hata mara moja. Mwaka 2023 watu walijaribu kuiomba programu ya akili bandia iwaandikie maelekezo ya kufuma wanasesere wa kroshia. Ilijibu bila kusita, kwa hesabu za safu na vitanzi, kama fundi wa miaka mingi. Na waliozifuata hesabu hizo kwa uaminifu walipata vinyago vyenye maumbo ya ajabu. Zimeenea pia picha za nguo na wanyama wa kroshia zilizobuniwa na kompyuta, zikiuzwa pamoja na maelekezo, nazo zaonyesha mishono ambayo mkono wa mwanadamu hauwezi kuifuma. Heri uzi, kwa maana uzi haukubali uongo. Maneno ya uongo yaweza kukaa katika kitabu miaka mingi. Kitambaa kilichofumwa kwa hesabu ya uongo hupinda siku ile ile.

Basi nani atakijaza kilichopungua? Twajibu: kwanza, dhamiri ya mwanafunzi mwenyewe. Asiyeonekana na mwalimu wake hana budi kujiona. Yampasa kusimama kila baada ya safu chache, ahesabu, akunje, aangalie pembe. Na akikuta kosa, afumue. Hapa ndipo lilipo lile neno tuliloomba mlikumbuke. Kufumua ni chungu. Ni kuona jioni zako kumi zikirudi kuwa uzi uliojikunjakunja, na hakuna aliyekulazimisha. Mbele ya mwalimu mkali, hata mvivu hufumua, kwa sababu ya hofu. Lakini anayefumua peke yake, usiku, wakati pindo pana lingetosha kuficha, huyo amejifunza jambo kubwa kupita kroshia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nao hawakusema kwamba ufa ni lazima uonwe na jirani kwanza.

Mtu atatuuliza: Je, si ukali mno huu? Blanketi lililopinda lafunika sawa na lililonyooka. Mtoto hatapata baridi kwa sababu ya vitanzi 28. Twakubali, na kama binti angemwambia dada yake, "Nilikosea, lakini nimekufumia kwa upendo," pasingekuwa na lawama hata kidogo. Kazi ya mwanafunzi ina haki ya kuwa na makosa. Ubaya haukuwa katika kupinda; ulikuwa katika lile pindo, yaani katika shauri la kuficha.

Na hapa ndipo tunapomkumbuka baba wa nyumba tuliyemwomba asituache. Siku hizi vijana hawajifunzi kufuma tu kwa njia hii. Wanajifunza kutandaza nyaya za umeme, kuchanganya zege, kutengeneza breki za pikipiki. Mwalimu ni yule yule asiyeona, na lile pindo lipo pia: lipu safi juu ya waya uliounganishwa vibaya, rangi nzuri juu ya chuma kilichopasuka. Blanketi lililofichwa kosa lake halimdhuru mtu. Nyumba iliyofichwa kosa lake yaweza kuungua na watu wake usiku. Kijana aliyejizoeza kufumua katika jambo dogo, ambapo hakuna hatari, ndiye atakayebomoa lipu yake mwenyewe atakapokumbuka kwamba hakuukaza waya vema. Usiyacheke basi madonge ya uzi ya binti yako. Humo anajifunza kama ataaminika au hataaminika.

Pili, mwalimu asiyetuona hawezi kutusahihisha, wala hawezi kutudai. Hili nalo lataka dhamiri. Ufundi wa mishono ni mali ya wote, kama alivyofahamu yule mama wa Wisconsin. Lakini maelekezo yaliyotungwa na mtu fulani, aliyekaa akifuma na kufumua mpaka hesabu zikakubali, kisha akayauza kwa bei ndogo, hayo ni jasho lake. Mmoja akiyanunua na kuyasambaza kwa wenzake hamsini kwa kubonyeza simu, au mwingine akiibandika picha ya kazi ya mtu na kusema "hii ni yangu", mwenye jasho hataona. Yuko mbali. Hatakuja kupiga hodi. Lakini tangu lini haki ya mtu ikaisha kwa sababu yuko mbali? Asiyeiba embe la jirani kwa sababu jirani yuko barazani, bado hajawa mwaminifu; ni mwoga tu.

Na wale wanaofundisha bure tuwalipe nini? Wengine hupata fedha kidogo kwa matangazo, na ni haki yao. Lakini wengi wamekaa mbele ya kamera kwa sababu tu ujuzi huwasha mikono ya mwenye nao mpaka augawe. Deni la namna hiyo haliwezi kurudishwa lilikotoka. Hulipwa kwa kwenda mbele. Aliyefundishwa na mgeni amfundishe jirani, na afadhali amfundishe yule asiye na simu wala bando. Na yeye, kwa kuwa ataketi naye mkeka mmoja, ataweza kumpa kile ambacho mwenyewe alikikosa: jicho.

Kwa hiyo tuna neno kwa wazee pia. Msinune. Simu haikuwanyang'anya wajukuu wenu. Yawezekana imewarudishia, maana binti asiyeshika uzi kabisa hana hata kosa la kumletea bibi yake. Mikono ya kwenye kioo haiwezi kukunja blanketi na kutafuta pembe kwa vidole. Kazi hiyo ni yenu, nayo haijapata mtu mwingine wa kuifanya. Ketini karibu. Nanyi vijana, msiseme haraka "nimejifundisha mwenyewe". Semeni, "Nilionyeshwa na mtu nisiyemjua, nikajaribu, nikakosea, nikasahihishwa." Kuuliza si ujinga, wala kumwonyesha mzee kazi iliyopinda si aibu.

Labda mwataka kujua mwisho wa habari ya Njombe. Usiku ule binti alikaa kitambo na blanketi mapajani. Kisha akachomoa sindano, akavuta uzi. Bibi hakumsifu, alinyosha mkono, akaupokea uzi ulipokuwa ukija, akauzungusha kuwa donge ili usitatizike. Walikwenda hivyo mpaka safu ya nne, ambapo kosa la kwanza lilikuwa. Blanketi lilichelewa, mtoto alizaliwa na kukaa majuma matatu bila hilo, akifunikwa kanga za mama yake, wala hakudhurika. Pembe zake nne zakutana.

Na simu ingali imeegemezwa kwenye kikombe kila jioni, maana yako mengi ambayo bibi hakufundishwa na masista. Siku hizi huketi wote wawili, na mara kwa mara mzee, ambaye macho yake hayafuati tena upesi, humgusa mjukuu wake begani na kusema: "Mwambie huyo mama arudie pale."